Halmashauri inasema imevuka lengo la makusanyo, lakini mtaro wa mtaa haujajengwa: taarifa ya mapato na matumizi isomwe vipi?

Mkazi wa Bondeni aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Naomba msaada wa wenye uzoefu na serikali za mitaa, hasa waliowahi kuwa watendaji, madiwani, wahasibu au wakaguzi.

Ninaishi katika mojawapo ya halmashauri tano za Mkoa wa Dar es Salaam. Sitaitaja, kwa sababu nia yangu ni kuelewa, wala si kumshitaki mtu. Kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata imebandikwa taarifa ya mapato na matumizi ya robo ya tatu ya mwaka wa fedha. Karatasi ina safu nne: chanzo cha mapato, makisio ya mwaka, makusanyo halisi hadi Machi 31, na asilimia. Mstari wa mwisho unaonyesha kwamba halmashauri imevuka lengo la kipindi hicho, na mtu ameupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Upande wa matumizi kuna mishahara, matumizi mengineyo, miradi ya maendeleo na mikopo ya vikundi. Hakuna palipoandikwa jina la mtaa wetu.

Wakati huohuo, mtaro wa barabara ya kuingilia mtaani umejengwa kwa mawe hadi kwenye kona ya msikiti, kuanzia hapo unakuwa mfereji wa udongo, na mbele kidogo unapotea kabisa. Masika yakianza, maji yanayokusanywa na ile sehemu iliyojengwa vizuri hutoka kwa kasi pale yanapoishia mawe na kuingia katika nyumba za watu wa chini. Suala hili limezungumzwa katika mikutano ya mtaa kwa miaka kadhaa. Mwenyekiti anasema lipo kwa watu wa barabara, watu wa barabara wanasema wanasubiri bajeti, na diwani anasema ameshaliwasilisha.

Maswali yangu ni haya. Kuvuka lengo la makusanyo kuna maana gani hasa kwa mwananchi? Kodi ya jengo tunayokatwa kila mwezi kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, inakwenda wapi, na je, haikupaswa kurudi kutengeneza mitaa yetu? Na huo mtaro kisheria ni wa nani, ili tukiandika barua tujue tunamwandikia nani?

Mweka Hazina Mstaafu alijibu:

Ndugu Mkazi wa Bondeni, karatasi uliyoiona ni ya kawaida, na kukosekana kwa jina la mtaa wako humo hakumaanishi kwamba kuna kitu kimefichwa. Nimefanya kazi ya uhasibu katika halmashauri za mijini kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo. Asiye na subira aruke hadi kwenye aya ya mtaro.

Asilimia iliyopigiwa mstari mwekundu inalinganisha makusanyo na makisio, na makisio hayo huanzia kwa halmashauri yenyewe, ingawa hupitiwa mkoani na TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, kabla ya kuidhinishwa. Halmashauri iliyojiwekea lengo la chini italivuka bila jasho, na iliyojiwekea lengo kubwa itaonekana imeshindwa hata kama imekusanya fedha nyingi kuliko jirani yake. Ndiyo maana mimi huanza na safu ya makusanyo halisi, nikailinganisha na robo kama hiyo ya mwaka uliotangulia, na safu ya asilimia huiacha mwisho. Tena ukiona chanzo kimoja kimefika asilimia mia tatu na vingine vitatu vimelala, ujue kuna fedha iliyoingia mara moja, kwa mfano mauzo ya viwanja au deni la zamani lililolipwa, na mwakani haitakuwapo.

Pili, asilimia hiyo inahusu mapato ya ndani peke yake. Humo kuna ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulitozwa kwa asilimia 0.3 ya mauzo baada ya kutoa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na ushuru wa bidhaa, kwa hiyo kwa kiwango hicho kampuni yenye mauzo ya aina hiyo ya Sh 100,000,000 ilidaiwa Sh 300,000. Humo pia kuna leseni za biashara, ushuru wa masoko na machinjio, vibali vya ujenzi, nyumba za wageni, faini na ada nyingine ndogondogo. Lakini fedha nyingi inayopita katika vitabu vya halmashauri ni ruzuku kutoka Hazina, na sehemu kubwa ya ruzuku hiyo ni mishahara ya walimu, wauguzi na watumishi wengine. Bajeti ya mabilioni inayosomwa kwenye baraza ina fedha ambayo tayari ina mwenyewe, na madiwani wote wakikubaliana kwa kauli moja kuipeleka kwenye mtaro, bado haiwezi kwenda.

Hata mapato ya ndani yenyewe hayako huru yote. Kuna yale tunayoyaita mapato lindwa, kama vile malipo ya papo kwa papo katika zahanati na vituo vya afya, ambayo hubaki katika kituo kilichoyakusanya kwa ajili ya dawa na vifaa. Yanayobaki ndiyo mapato yasiyolindwa, na hapo ndipo mgawanyo unapoanzia. Asilimia 10 hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri iliyokusanya Sh bilioni 1 ya mapato yasiyolindwa, kwa mfano, itatenga Sh milioni 100, yaani milioni 40, milioni 40 na milioni 20. Kisha kuna kiwango ambacho lazima kiende kwenye miradi ya maendeleo. Halmashauri nyingi hutakiwa kutenga asilimia 40, na zile zenye makusanyo makubwa asilimia 60 au zaidi. Kinachosalia ndicho huendesha ofisi: mafuta ya magari ya taka, posho za vikao, umeme, karatasi, na posho za wenyeviti wa mitaa.

Sasa hiyo sehemu ya maendeleo, ambayo kila mtu anaitazama, huanza kwa kulipa miradi viporo. Wananchi wamejenga boma la darasa hadi kwenye lenta, mwongozo unataka halmashauri ilimalizie. Zahanati imeezekwa lakini haina choo wala kichomea taka. Ukitoa hayo, mradi mpya wa mtaa mmoja unagombea chumba kidogo sana. Nasema hivi ili ukienda kuuliza, uulize swali lenye jibu. Swali la "mmekusanya mabilioni, fedha iko wapi?" litajibiwa kwa hotuba. Ukiuliza ni miradi gani ya kata yetu iliyotengewa fedha za mapato ya ndani mwaka huu, kila mmoja umepokea kiasi gani hadi Machi 31, na upi umevukishwa kwenda mwaka ujao, mchumi wa halmashauri anayo jedwali lenye majibu hayo yote, kwa sababu hulipeleka mkoani kila robo.

Kuhusu LUKU, kodi ya majengo si mapato ya ndani ya halmashauri. Ilikusanywa na halmashauri kwa miaka mingi, mwaka 2016 ikahamishiwa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 inakatwa kupitia ununuzi wa umeme. Wakati huo nyumba ya kawaida ilikuwa Sh 1,000 kwa mwezi. Tangu Julai 2023 ni Sh 1,500, yaani Sh 18,000 kwa mwaka, na kwa majengo ya ghorofa ni Sh 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Fedha hiyo huingia Mfuko Mkuu wa Serikali, na kinachorudi kwa halmashauri ni sehemu tu, tena bila maelekezo kwamba irudi katika mtaa ilikotoka. Kwa hiyo hoja ya "tunalipa kodi ya jengo, tujengewe mtaro" ina haki ndani yake, lakini haitamfikia mkurugenzi wako, kwa kuwa si yeye aliyeikusanya. (Na kwa wapangaji wanaosoma hapa: kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Anayenunua umeme akikatwa, ana haki ya kumdai mwenye nyumba wake au kupunguziwa kodi ya pango.)

Na mtaro. Mtaro wa pembeni mwa barabara ni sehemu ya barabara, na barabara za mitaa na za mijini, kuanzia Julai 2017, zinasimamiwa na TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, si idara ya ujenzi ya halmashauri kama ilivyokuwa zamani. Barabara kuu na za mkoa ni za wakala mwingine, TANROADS. Fedha za TARURA hutoka kwa sehemu kubwa katika Mfuko wa Barabara, yaani tozo ya mafuta, ambayo mwaka 2021 iliongezwa Sh 100 kwa lita mahsusi kwa barabara za vijijini na mijini, pamoja na bajeti ya Serikali Kuu na miradi ya wafadhili. Zipo halmashauri zinazoongeza sehemu ya mapato yao ya ndani, na hilo ni jambo la kuuliza. Kwa kifupi, taarifa iliyobandikwa kwenye ubao wenu ni ya mfuko mmoja, na mtaro wenu umo katika mfuko mwingine. Barua mwandikieni Meneja wa TARURA wa wilaya, nakala kwa mkurugenzi, mtendaji wa kata na diwani.

Mtendaji wa Zamani alijibu:

Mzee Mweka Hazina amesema kweli, ila barua peke yake haitoshi, na kwa uzoefu wangu barua nyingi za wananchi hufika wakati mbaya. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mwongozo wa bajeti hutoka kabla ya mwaka wa kalenda kuisha, mitaa hutakiwa kuibua vipaumbele vyake kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, baraza la madiwani hupitisha bajeti Januari au Februari, na kuanzia Aprili mjadala unakuwa bungeni Dodoma. Maji yanaingia majumbani Aprili, watu wanapandwa na hasira Aprili, barua inaandikwa Mei. Kwa mwaka unaofuata hapo mlango umekwisha kufungwa, na kinachobaki ni kuomba fedha za dharura, ambazo huenda kwanza kwenye madaraja na makalavati yaliyosombwa.

Kazi ifanyike Oktoba. Mkutano mkuu wa mtaa uitishwe, mtaro uwe kipaumbele namba moja, na muhtasari uandikwe vizuri: tarehe, orodha ya mahudhurio yenye saini, azimio lenyewe kwa maneno kamili, saini ya mwenyekiti na ya mtendaji wa mtaa, na mhuri. Nasisitiza neno "namba moja" kwa sababu nimeona mihtasari mingi yenye vipaumbele kumi na viwili, kuanzia zahanati hadi kiwanja cha mpira, na ukiisoma huwezi kujua mtaa unataka nini. Kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti na mtendaji wa kata ni katibu, mitaa yote ya kata inakutana na vipaumbele vyake, na mtaa uliokuja na jambo moja lenye maelezo huushinda mtaa uliokuja na orodha.

Maelezo yenyewe yasiwe ya kulalamika. Pimeni kwa futi kamba urefu kutoka pale mawe yanapoishia hadi pale maji yanapoweza kumwagwa kwa usalama. Hesabuni kaya zinazoathirika. Pigeni picha siku ya mvua, na nyingine mahali hapohapo siku ya jua. Andikeni kama kuna nyumba, ukuta au choo kilichojengwa juu ya njia ya mtaro, kwa sababu hilo ndilo mhandisi ataliona kwanza, na ndilo linalofanya mradi uahirishwe kimyakimya huku wananchi wakiambiwa ni bajeti.

Jambo jingine: vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, na hufanyika kila robo mwaka. Huruhusiwi kuchangia, lakini unaruhusiwa kukaa na kusikiliza, na wasimamizi wa barabara na maji hualikwa huko kutoa taarifa zao. Diwani anayejua kwamba wapiga kura wake sita wamekaa viti vya nyuma huuliza maswali kwa namna nyingine kabisa. Na kama taarifa unayoihitaji haitolewi kwa mdomo, iombe kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu. Wengi hawajui kuwa sheria hiyo ipo, wakiwamo baadhi ya watumishi.

Kijana wa Kazi alijibu:

Wakuu, mnaeleza vizuri, lakini mnaitetea mno halmashauri. Kama fedha ni chache kiasi hicho, kwa nini asilimia 10 itolewe mikopo ambayo vikundi vingine havirejeshi, badala ya kujenga mitaro? Na kwa nini kila mwaka tunasikia halmashauri imepata hati safi, halafu katika ripoti hiyohiyo tunasoma kwamba fedha zimekusanywa na hazikufika benki?

Mweka Hazina Mstaafu alijibu:

Kijana wa Kazi, maswali yako yote mawili ni ya haki.

Hati safi ni maoni ya mkaguzi kuhusu hesabu, kwamba zimeandaliwa kwa viwango vinavyokubalika na zinaonyesha hali halisi ya fedha kwa kiwango cha kutosha. Haisemi kwamba fedha zilitumika kwa busara, wala kwamba hakuna aliyekula. Mkusanya ushuru akichukua fedha za mashine ya POS, ile ya kielektroniki ya kukusanyia mapato, na asizipeleke benki, na mhasibu akaliandika hilo kwenye vitabu kama deni la mkusanyaji huyo, hesabu zimesema kweli na hati inaweza kuwa safi, ingawa fedha haipo. Ndiyo sababu ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo kwa Ibara ya 143 ya Katiba hukabidhiwa kwa Rais na kisha kuwasilishwa bungeni, ina hoja nyingi zinazohusu halmashauri zenye hati safi, na suala la fedha za POS zisizopelekwa benki limejirudia humo mwaka baada ya mwaka. Anayetaka kuijua halmashauri yake asiishie kwenye aina ya hati. Asome hoja za ukaguzi na aangalie zile za miaka iliyopita ambazo hazijafungwa. Hizo ndizo Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, huwauliza wakurugenzi, na mkurugenzi hutokwa jasho kwelikweli.

Mikopo ya asilimia 10 ni takwa la sheria tangu 2018, si hiari ya mkurugenzi. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya hoja hizohizo za vikundi hewa na marejesho duni, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Mimi siungi mkono kuifuta. Mama anayepata mtaji wa genge bila riba, wakati mikopo ya mtaani inamnyonya kila siku, anajua thamani yake. Ninachopinga ni usiri wa orodha. Majina ya vikundi vilivyokopeshwa, kiasi na marejesho yabandikwe kwenye ubao uleule wa kata, kwa sababu majirani ndio wanaojua kikundi kipi kina watu na kipi kina muhuri tu.

Mpwani wa Mombasa alijibu:

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Huku kwetu kaunti 47 zilianza kazi mwaka 2013 chini ya Katiba ya 2010, na sheria imeandika waziwazi kwamba wananchi washirikishwe katika bajeti, kwamba mpango wa maendeleo wa mwaka uwasilishwe kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na kwamba angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti itengewe maendeleo. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti ya kila robo mwaka kwa kila kaunti, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma.

Nataja hayo ili kuongeza tahadhari moja ambayo sijaiona hapa. Kutengewa fedha si kupewa fedha. Katika kaunti nyingi, mradi upo kwenye bajeti, mkandarasi amefanya kazi, na malipo hayatoki, hadi malimbikizo ya madeni yanakuwa ndiyo hadithi kubwa ya kila mwaka. Mkandarasi mdogo akishachomwa mara moja, zabuni inayofuata anaijaza kwa bei ya juu ili kufidia miezi atakayokaa bila kulipwa, na hasara hiyo anaibeba mkazi. Kwa hiyo mkipata ile jedwali ya mchumi, tazameni safu tatu kwa pamoja: kilichotengwa, kilichopokelewa na kilicholipwa. Tofauti kati ya safu ya kwanza na ya tatu inaeleza mengi kuliko hotuba ya meya.

Mkazi wa Bondeni aliuliza tena:

Nawashukuru wote kwa moyo, hasa wazee wangu wawili. Sasa nimeelewa kwamba tulikuwa tunagonga mlango usiokuwa wenyewe.

Nina swali la nyongeza. Baadhi ya wakazi wanaona Oktoba ni mbali, na wamependekeza kila nyumba ichange fedha tununue malori ya kifusi, tuinue barabara pale chini ili maji yasituame wakati tunasubiri. Mwenyekiti amekubali kukusanya fedha hizo. Je, ni halali, na je, kitaalamu inafaa?

Fundi Mitaro alijibu:

Nitajibu upande wa ufundi, kwa kuwa nimesimamia kazi za mifereji ya mijini. Msimwage kifusi.

Barabara ya mtaa ambao haukupimwa mara nyingi ndiyo njia ya maji yenyewe, maana watu walijenga kushoto na kulia, wakaacha bonde katikati likawa barabara. Ukiinua bonde hilo kwa kifusi sentimita thelathini, barabara inakuwa juu kuliko sakafu za nyumba, na maji yaliyokuwa yanapita barabarani yanaingia mlangoni. Nimeona nyumba ambazo mwenyewe alilazimika kujenga kizingiti cha tofali tatu mlangoni kwa sababu barabara ilipandishwa kila mwaka kwa nia njema kabisa. Tena kifusi cha udongo husombwa na mvua ya kwanza na kuziba sehemu ile ya mtaro inayofanya kazi.

Mtaro hujengwa kuanzia chini kwenda juu, yaani kuanzia mahali maji yanapomwagwa. Wenu unaonekana ulianzia juu, labda kwa sababu fedha za awamu ya kwanza zilifuata barabara na si maji, na matokeo yake ndiyo hayo: sehemu iliyojengwa inayakusanya maji ya eneo kubwa na kuyatupa kwa kasi mahali pamoja. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mhandisi si lini mtamalizia, bali maji haya yataishia wapi. Kwa Dar es Salaam jibu mara nyingi ni kijito kinachoingia Msimbazi au bonde jingine, na njia ya kufika huko inapita katika mtaa wa watu wengine, ambao nao lazima wakubali. Mtaa mmoja ukijichimbia mfereji hadi kwenye mpaka wake, umemhamishia jirani mafuriko.

Mnachoweza kufanya sasa, tena kwa gharama ndogo, ni kuzibua. Toeni mchanga na takataka katika sehemu iliyojengwa kabla ya mvua, chimbeni ule mfereji wa udongo upanuke na mteremko wake uwe mmoja bila matuta, na pale mawe yanapoishia pangeni mawe makubwa au viroba vya mchanga ili kuvunja kasi ya maji. Zungumzeni pia na kikundi kinachozoa taka, maana mtaa ambao gari la taka halifiki kwa wiki mbili hugeuza mtaro kuwa jalala. Kazi ya mikono ya wakazi si jambo la kudharauliwa. Hanna Nassif, Kinondoni, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi wenyewe walishiriki kuchimba na kujenga mitaro na barabara zao kwa msaada wa kitaalamu wa Shirika la Kazi Duniani. Lakini pale kulikuwa na michoro, na kulikuwa na mhandisi aliyesema maji yaelekee wapi.

Mweka Hazina Mstaafu alijibu:

Namuunga mkono fundi, na kuhusu fedha naongeza haya. Kijiji ni chombo chenye hadhi yake kisheria, kinaweza kumiliki mali na kushitakiwa kwa jina lake. Mtaa wa mjini hauna hadhi hiyo. Ni sehemu ya halmashauri, hauna bajeti yake, na mwenyekiti hana mamlaka ya kumtoza mtu chochote. Mchango wa hiari unaruhusiwa, ila uwe wa hiari kweli: uamuliwe katika mkutano mkuu na uandikwe kwenye muhtasari, na asiyetoa asinyimwe barua ya utambulisho wala huduma nyingine ya ofisi.

Fedha zisikusanywe na mwenyekiti. Chagueni kamati ndogo ya watu ambao si wajumbe wa serikali ya mtaa, fungueni akaunti yenye watia saini watatu, na kila anayetoa apewe stakabadhi. Mkimaliza kuzibua, bandikeni orodha ya waliochanga na risiti za matumizi pale pale penye taarifa ya halmashauri. Kabla hamjachimba chochote, mpelekeeni Meneja wa TARURA barua ya kumjulisha na kuomba fundi wake aje kuwaonyesha mteremko, kwa sababu hifadhi ya barabara ni yake, na ujio huo utakuwa kumbukumbu ya maandishi kwamba ofisi yake ililiona tatizo kabla ya msimu wa bajeti.